Somo: picha za setilaiti kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, kabla hujashusha duara (shimo la kuchimbia)

Habari zenu wakuu. Nimeumia sana kuona watu wanauza ng'ombe wanashusha duara mita 30 kwa kumfuata jirani tu, wakati picha za setilaiti zipo bure. Niseme mapema tusidanganyane, setilaiti haioni dhahabu. Inaona rangi ya udongo na mwamba uliobadilika, inakuonyesha pa kwenda kutembea na nyundo, basi.

Hatua ya 1. Ingia tovuti ya Copernicus Browser, fungua akaunti, tafuta Sentinel-2. Ni setilaiti za Ulaya, zinapita palepale kila siku 5 hivi na kila kijidoti cha picha ya kawaida ni mita 10 kwa 10 (bendi 11 na 12 za hatua ya 3 ni mita 20). Kwa huku Geita chukua picha ya mwezi wa saba au wa nane, nyasi zimekauka na ardhi iko wazi. Ya mwezi wa nne utaona mawingu na mashamba ya watu.

Hatua ya 2. Pakua QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, nayo bure. Hapa naomba msome taratibu maana ndipo hela zinapopotelea. Ramani za zamani za Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, simu yako inasoma WGS84, hii ni mifumo miwili tofauti ya kupima mahali, namba kwa macho zinafanana kabisa ila ukizichanganya unahama karibu mita 300 kwenda kaskazini au kusini. Rafiki yangu alichukua namba za kona kwenye karatasi ya zamani akaziingiza kwenye simu hivyohivyo, wakachimba miezi minne, bikoni (alama za mipaka) zilivyokuja kupimwa upya duara lote liko kwenye leseni ya mtu. Vibarua, magogo, dizeli ya pampu, vyote vikaenda. Kwa Geita, Kahama na Chunya ramani ya zamani ipe namba ya mfumo EPSG 21036 (Arc 1960) kwanza, halafu iambie QGIS iipeleke 32736 (WGS84). Usihamishe kwa mkono.

Hatua ya 3. Humo QGIS fungua kikokotoo cha rasta (Raster Calculator), gawanya bendi 4 kwa bendi 2 (bendi ni tabaka la picha, kila moja rangi yake ya mwanga), panapong'aa pana kutu ya chuma. Kisha bendi 11 kwa 12, hapo unatafuta udongo wa mfinyanzi unaobaki pale maji ya moto yalipopita kwenye mwamba zamani. Geita dhahabu nyingi imekaa kwenye miamba ya chuma yenye mistari ndo maana kutu tunaijali, lakini kokoto nyekundu za juu nazo zina kutu na hazina kitu, na majani mabichi yanang'aa kwenye 11 kwa 12. Kwa hiyo weka alama pale tu zote mbili zinapokutana na hapana majani.

Hatua ya 4. Angalia alama zako kwenye ramani ya leseni ya Tume ya Madini, ukikuta pana mwenyewe achana napo. Palipobaki nenda kwa miguu, chukua sampuli, peleka maabara.

MASWALI

Swali: Mkuu sina laptop, nina simu tu.
Jibu: Copernicus Browser inafunguka kwenye simu, hatua ya 1 unaifanya vizuri. Ya 2 na 3 omba kompyuta hata ya stationery, siku mbili zinatosha.

Swali: Sisi Chunya ni miombo mitupu, tutaona nini?
Jibu: Rangi haitakusaidia sana ndugu yangu. Tumia data ya mwinuko ya SRTM, ilipigwa kwa rada mwaka 2000, iweke vivuli kwenye QGIS uangalie mabonde yaliyonyooka kama yamepigwa rula. Mengi ni mipasuko ya mwamba na dhahabu hupenda kupita humo.

Swali: Na droni je?
Jibu: Nzuri sana kwa kupima ujazo wa rundo la marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa), ila pata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza.

Swali: Kaka kuna mtu ananiuzia laki tano ramani ya setilaiti inayoonyesha dhahabu hadi mita 80 chini, nichukue?
Jibu: Dada yangu usimpe hata mia. Picha hizi ni mwanga wa jua uliogonga juu ya ardhi ukarudi, chini ya udongo haushuki. Hiyo laki tano lipia vipimo vya maabara, na kama ulishampa kianzio mdai leo leo.