Kabla ya vyeti, pita dukani: namna tunavyomtafuta mzee wa kanisa hapa Unguja

Faili la maombi ya uongozi wa kanisa letu hulala ndani ya kabati langu la nguo, chini ya kanga. Ni mwaka wa 14 huu tangu nipewe ukatibu, na nimeshaona karatasi za kila namna humo: stashahada za theolojia, semina za siku 3, cheti cha kompyuta, na kimoja cha uokoaji majini. Hicho cha mwisho angalau kina maana kisiwani.

Mwaka mmoja tulimpigia kura mtu aliyekuwa na karatasi nzuri kuwashinda wenzake wote. Hakuiba. Aligomba tu: na mlinzi, na waimbaji, na bibi mmoja aliyechelewa na sadaka yake ya ndizi. Mwezi wa 7 darasa la kipaimara lilikuwa na watoto 4. Basi nimekwenda dukani kuchukua sukari, mwenye duka akanitazama weee, mwisho akasema, "Bi Katibu, yule bwana wenu, mngeniuliza mimi." Akafunua daftari la mkopo. Deni lake lilikuwapo tangu kabla ya kura.

Toka siku ile tunaanzia dukani.

Ukitaka kufanya hivyo kwenu, fikiria posa. Kijana akileta posa hapa, watu wa upande wa mwanamke hawaombi vyeti vyake. Wanaulizia. Wanapeleka mtu mtaani kwao kijana, anakaa, anakunywa kahawa, anasikiliza. Sasa mtu wa kumwoa binti mmoja anauliziwa wiki nzima, na wa kulichunga kanisa zima tunamwangalia picha ya mahafali?

Paulo kamwandikia Timotheo kwamba mwangalizi ashuhudiwe mema na watu walio nje, na sisi wa Zanzibar tuna bahati: hao walio nje ndio karibu kila mtu tunayeishi naye. Kwao tunanunua mkate, nyumba zao tumepanga, gari za Darajani tunapanda pamoja. Muislamu jirani hana kura kanisani wala hana sababu ya kumpamba mtu wetu.

Watume watu wawili, mwanamme na mwanamke. Wasiende na kalamu. Watadhaniwa watu wa serikali na hapo hakuna atakayefungua mdomo. Wakae barazani, salamu ziishe zote, ndipo mmoja aulize, "Fulani anakaaje na watu?" Halafu wanyamaze. Wapite sehemu tatu zisizoshauriana: mwenye duka, mwenye nyumba aliyompangisha, na mwanamke wa nyumba ya jirani, maana huyo husikia yanayopita ukutani. Neno la mmoja ni umbea. Maneno ya watatu yakikutana, yaandike ukifika nyumbani. Na akikujibu mtu, "Mh, ni mwenzenu, nyinyi ndio mnaomjua," kisha akageukia habari za bei ya samaki, hilo nalo ni jibu.

Yapo mambo ambayo mimi huyasikilizia zaidi. Analipa? Anamsemeshaje msichana wa kazi? Jirani alipofiwa, alikuja akakaa mkekani au alipita na mkoba wake kwenda kwaya? Na Ramadhani anajistahije: anakula mchana mbele ya watoto waliofunga, anafungulia muziki wakati wa tarawehe? Hakuna aya inayomkataza kunywa soda yake. Lakini asiyeweza kumstahi jirani mwezi mmoja, sijui atawastahi vipi wazee wetu miaka mitatu.

Nyumbani kwake aende mwanamke, azungumze na mkewe wakichambua mchele. Hatutafuti watoto malaika. Tunataka kujua kama mume huyo akikosea husema nimekosea.

Baada ya hapo mpe kazi isiyo na jina, miezi 6. Kufungua madirisha, kupanga viti, kuhesabu sadaka pamoja na mwenzake. Wako wanaodondosha noti chini ya benchi kumtega mtu. Sisi hatufanyi, kanisa si mtego wa panya. Angalia mwezi wa 3 tu, pale shukrani zinapokwisha na viti bado viko palepale.

Watu wakiniona mgumu huwakumbusha habari za John Swedi. Alikuwa miongoni mwa wavulana 5 waliotolewa utumwani ambao Sultani alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana mwaka 1864, hapahapa Unguja. Mtoto wa namna ile alikuwa na karatasi gani ya kuonyesha? Ushemasi alipewa 1879. Alikaa miaka 15 akitazamwa na watu waliokula naye. Nasi tunaona miezi 6 ni mingi!

Lakini alisomeshwa pia, hilo lisirukwe. Sipendi wanaojificha nyuma ya "moyo safi" ilhali hata somo la Jumapili hawajaliandaa. Mtu mwema asiyejua hesabu usimpe mfuko. Mpeleke akasome, mchange nauli ya boti. Vyeti navisoma mwisho, ila navisoma. Na msomi nina swali langu moja kwake: "Mwaka huu nani kakusahihisha, na ulimjibuje?" Apolo alikuwa hodari wa maandiko, lakini alikubali kufundishwa na Prisila na Akila, mafundi wa mahema. Msomi mwenye jibu la swali hilo mpokee kwa mikono miwili. Msomi wetu mmoja aliangalia dari mpaka feni ikamchosha, akauliza kama kikao kina chai.

Kura zikishapigwa, usifunge faili siku ileile. Subiri Jumapili inayofuata uone waliokosa wamekaa wapi. Mwaka juzi walikosa watatu. Wawili hatukuwaona mpaka Krismasi. Wa tatu, fundi wa baiskeli, nilimkuta saa 12 na nusu asubuhi anafungua madirisha kama kawaida, na komeo la dirisha la tatu, lile bovu, alikuwa amekuja na bisibisi yake kulikaza. Jina lake nililiandika upya kwenye faili jioni ileile.