Uzamili wa kriminolojia mtandaoni: anza na swali, chuo baadaye

Wenzangu wa probesheni, magereza na polisi wakisikia nimesoma uzamili wa kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, kwa mtandao, swali lao la kwanza huwa ni hili: chuo gani kizuri? Nami huwauliza: unataka kujua nini? Wengi hunyamaza. Asiye na jibu hapo, nasema, asilipe ada bado.

Mimi ni afisa wa probesheni hapa Mombasa. Ripoti ninazoandika hakimu huzisoma kabla ya kutoa hukumu: kijana ametoka nyumba gani, mlalamishi anasemaje, kuna jamaa wa kumsimamia akirudi mtaani? Kilichokuwa kikinikera ni kitu kimoja. Vijana wawili wameiba simu za bei moja, rekodi zao safi. Mmoja anapewa huduma kwa jamii, akafagie zahanati. Mwingine anapelekwa gereza la Shimo la Tewa. Nilitaka kujua tofauti hiyo inatoka wapi. Swali hilo ndilo lililonichagulia kozi, maana chini ya jina moja la kriminolojia na haki jinai kuna masomo yasiyofanana. Kozi moja imejaa usalama na ugaidi, nyingine ni uongozi wa polisi, nyingine ni adhabu na magereza, nyingine ni sosholojia tupu. Soma orodha ya moduli, kisha utazame wahadhiri wenyewe wameandika nini. Kama hakuna hata mmoja anayegusa swali lako, pita. Na kama unatarajia kufundishwa alama za vidole na damu ukutani kama kwenye filamu, hiyo ni sayansi ya uchunguzi, ina mlango wake.

Kabla ya kulipa, hakikisha shahada hiyo itatambuliwa nyumbani. Uliza mamlaka za elimu ya juu na sifa za masomo: Kenya CUE na KNQA, Tanzania TCU, Uganda NCHE. Uliza waziwazi kuhusu shahada iliyosomwa kwa mtandao, na jibu ulipate kwa maandishi. Pitia pia idara ya wafanyakazi kazini kwako, wakwambie kama shahada hiyo inahesabika kwenye kupandishwa cheo. Kuna watu wana vyeti vizuri vimelala kwenye droo kwa sababu hawakuuliza hilo.

Kwenye mfumo wa Uingereza, niliosoma mimi, uzamili ni krediti 180. Ukifikisha 60 ukaacha, unaweza kutoka na cheti cha uzamili. Ukifikisha 120, diploma ya uzamili. Uliza kama chuo chako kinaruhusu kutokea njiani hivyo, na kama unaweza kulipa moduli kwa moduli. Ada ni ya pauni na mshahara ni wa shilingi, na shilingi haina adabu. Ulizia pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya mbali. Upo kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa kwao, ingawa si kila kozi imo.

Sasa piga hesabu ya muda. Krediti moja ni saa 10 za kazi, kwa hivyo shahada nzima ni saa 1,800. Ukiigawa kwa miaka miwili bila likizo, ni kama saa 17 kila wiki. Zitafute saa hizo kwenye wiki yako ya sasa, pamoja na mahakama, foleni ya feri na harusi za Jumamosi. Ukizikosa, chukua miaka mitatu, hakuna atakayekucheka. Halafu kuna saa za kwao. Darasa la saa 12 jioni la London ni saa 3 usiku Mombasa wakati wa baridi yao, na saa 2 wakati wa kiangazi chao. Waingereza hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Andika kwenye simu, la sivyo utaingia darasani wenzako wakiagana.

Kuhusu intaneti sina mengi: pakua masomo yote ya wiki siku moja penye mtandao wa maana, weka bando la akiba, na usitume kazi dakika za mwisho. Stima haijui tarehe yako ya mwisho. Marejeo yapange kwa programu ya Zotero tangu makala ya kwanza. Ni ya bure.

Panapowaangusha wengi wetu ni kwenye kusoma nadharia. Tumezoea mtihani wa kueleza: fulani alisema hivi, mwaka fulani. Kwenye uzamili hiyo inakupa alama za kupita tu. Msahihishaji anataka umlete mwanazuoni kwenye mtaa unaoujua wewe, kisha useme anapofika na anapokwama.

Nitoe mfano. Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson walisema uhalifu hutokea vitu vitatu vinapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kuutenda, kitu cha kuvutia, na kukosekana kwa mlinzi. Walikuwa wakieleza kwa nini uhalifu uliongezeka Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia: watu walishinda nje, nyumba zikabaki tupu, na vyombo vya umeme vikawa vyepesi kubeba. Vizuri. Sasa wapeleke Likoni saa 12 jioni, watu wanaposhuka kwenye feri. Kitu cha kuvutia kipo, simu mkononi. Wa kuiba yupo. Je, mlinzi hayupo? Watu wamejaa! Kuna askari, na kuna mama wa viazi karai anayemjua kila kijana wa pale kwa jina la mamake. Hapo ndipo insha inapoanza. Je, msongamano ni ulinzi au ni maficho? Mama akimwona mwizi anayemfahamu, atapiga kelele au atanyamaza kwa sababu kesho anafungua biashara palepale? Kwa nadharia hiyo mlinzi yupo. Kwa maisha ya Likoni, ana sababu za kuangalia pembeni. Aya moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa tatu za kueleza nani alizaliwa wapi.

Takwimu nazo zisome kwa jicho hilohilo. KNBS, shirika la takwimu la Kenya, huchapisha kila mwaka idadi ya makosa yaliyoripotiwa polisi, na wanafunzi huinakili kana kwamba ndiyo idadi ya uhalifu. Wewe uliyekaa mtaani unajua ni mambo mangapi yanaishia kwa mzee wa mtaa au barazani kwa chifu bila kupata nambari ya OB, daftari la matukio la kituo cha polisi. Aibu ya familia, kumwogopa mshtakiwa, nauli ya kurudi kituoni kila wiki: yote hayo yamo ndani ya nambari ile, kwa kutokuwemo.

Tasnifu ndiyo ya kufikiria mapema kuliko yote. Ukitaka kuhoji wafungwa, hesabu milango: kamati ya maadili ya chuo chako, kamati ya maadili iliyoidhinishwa hapa Kenya, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ruhusa ya makao makuu ya magereza, Magereza House, Nairobi, na bado mkuu wa gereza lenyewe. Tanzania leseni hiyo hutolewa na COSTECH, tume yao ya sayansi. Mlango mmoja ukikawia, muhula umekwenda. Mtu anayesoma akiwa kazini namshauri atazame kwanza hukumu zilizo wazi kwa umma. Tovuti za Kenya Law na TanzLII (ya Tanzania) zina maelfu ya hukumu, bure. Unaweza kuchukua, tuseme, kesi ya Muruatetu ya 2017, Mahakama ya Juu iliposema adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakwenda kinyume na Katiba, ukafuatilia majaji walivyowapangia upya adhabu waliohukumiwa kabla yake. Hata hivyo uliza kamati yako. Hukumu kuwa wazi hakukuondolei utaratibu.

Na faili za ofisini kwako ziache ofisini. Kwanza kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Pili, kijana unayemsimamia hawezi kukukatalia mahojiano kwa hiari yake. Anajua wewe ndiye utakayemwandikia ripoti. Akisema ndiyo, ndiyo hiyo haina thamani ya utafiti.

Masomo ya ukatili dhidi ya watoto usiyasome usiku. Nilikuwa nayasoma mchana wa Jumamosi, mlango wazi, sauti za nyumba zikiingia. Makala za takwimu ndizo za usiku. Hizo zinaleta usingizi tu.

Jambo la mwisho ni msimamizi wako. Anaweza kuwa bingwa wa adhabu kote Ulaya na asijue chifu ni nani, baraza ni nini, au kwa nini mlalamishi wa Kisauni hukubali kulipwa fidia akaiondoa kesi. Kabla ya kikao cha kwanza mwandikie ukurasa mmoja: ngazi za mahakama zetu, nani anamkamata mtu, nani anaandika ripoti, wapi mambo huishia nje ya karatasi. Huo ukurasa usiutupe. Ukiuongezea marejeo, ni nusu ya sura ya pili ya tasnifu yako.