Geko chui mchanga: joto kwanza, mengine baadaye

Anayeleta geko chui mchanga, mjusi mdogo wa kufugwa, nyumbani huwa na maswali yaleyale wiki ya kwanza: mbona hali, mbona analala mchana kutwa, mbona anapunga mkia kila nikifungua kisanduku? Jibu la kwanza ni swali: sakafu anayolalia ina nyuzi ngapi za joto? Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe. Asipopata joto chini ya tumbo, chakula hakisagiki, kinga ya mwili inashuka, na tabia zote unazojaribu kuzielewa zinakuwa tabia za mnyama anayeganda.

Huyu si mjusi wa kwetu Uganda. Asili yake ni nchi kame zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Mchana hujificha chini ya mawe na kwenye nyufa, jua likizama ndipo hutoka kuwinda. Tofauti na mjusi-kafiri anayetembea darini mwetu, yeye ana kope za kufumba macho, na vidole vyake vina kucha badala ya nyayo za kunata. Hapandi kioo. Akiwa mchanga ana mistari mipana ya njano na nyeusi. Madoa ya chui huja kadiri anavyokua. Akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 15 hadi 20, kwa hiyo mzazi anayemnunulia mtoto wa darasa la nne ajue kwamba mtoto atamaliza chuo kikuu na mjusi bado yupo.

Kwa kuwa ni mnyama wa kigeni, usimchukue mkononi mwa mtu barabarani. Ulizia kwanza Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, pale Kamwokya, kuhusu kibali, na wizara ya kilimo kuhusu cheti cha afya cha mnyama anayeingia nchini. Ukimchoka baadaye, usimwachilie porini.

Joto

Kampala mchana hufika nyuzi 27 au 28, usiku hushuka hadi 17 au 18. Kabale usiku unaweza kushuka hadi 10 au 12. Arua na Gulu, mwezi wa pili, mchana hupita 30. Wengi husema, "Uganda kuna joto, mjusi atavumilia." Havumilii. Joto la hewa ya sebuleni si joto la jiwe lililopigwa na jua.

Anachohitaji ni sakafu yenye pande mbili. Upande mmoja uwe na nyuzi 31 hadi 33, zilizopimwa pale anapoweka tumbo, si ukutani. Upande wa pili uwe 24 hadi 26. Usiku joto likishuka hadi 21 au 22 si neno. Geko mwenyewe ndiye atakayehama huku na huku kulingana na haja yake. Ukimpa joto moja sanduku zima umemnyima dawa yake kuu, yaani uwezo wa kuchagua.

Aliyewahi kulea vifaranga anaijua kazi hii tayari. Vifaranga wakijirundika chini ya taa, kuna baridi. Wakikimbilia kingo na kupanua mabawa, kuna moto mno. Geko naye msome hivyohivyo. Akiwa amejibandika kwenye upande wa joto mchana na usiku, hata kuwinda hataki, ongeza joto. Akiwa haondoki upande wa baridi, au anakwangua kioo kutafuta njia ya kutoka, pima upande wa joto haraka.

Lakini vifaa vya vifaranga usivihamishe vyote. Ile balbu nyekundu ya wati 250 inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo itamchoma mnyama wa gramu 5 ndani ya sanduku dogo. Jiko la mkaa ndiyo usilifikirie kabisa. Moshi wake na hewa yake yenye sumu vitamuua yeye, na chumba kikiwa kimefungwa vitakuua wewe pia. Kinachofaa ni mkeka wa joto unaolala chini ya theluthi moja ya sanduku, ukiwa umeunganishwa na themostati, kifaa kinachouzima na kuuwasha ili joto lisizidi kipimo. Mkeka usio na themostati unaweza kupita nyuzi 40 na kumwachia vidonda vya tumbo, kwa sababu mjusi huchelewa kutambua kwamba anaungua kwa chini.

Mkeka mdogo hula umeme kidogo, wati 5 hadi 10 hivi, kwa hiyo betri ya sola ya nyumbani yenye inverta inaubeba usiku kucha. Kama huna sola na umeme umekatika, jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo na uiweke kando ya pango lake. Siku hiyo usimlishe mpaka joto lirudi. Mdudu aliyemezwa akakaa kwenye tumbo baridi huoza humohumo, na geko mchanga mwenye afya hadhuriki kwa kulala njaa siku moja.

Usimpeleke nje aote jua akiwa ndani ya kioo. Dakika chache zinatosha kumpika, na ile mionzi ya jua iitwayo UVB uliyomtolea nje kuipata haipenyi kwenye kioo.

Sanduku

Tangi la kioo la lita 40 au sanduku la plastiki lenye sakafu ya sentimita 50 kwa 30 na matundu ya hewa linamtosha kwa miezi ya mwanzo; akikua ahamishiwe kwenye lenye urefu wa sentimita 90. Tandika gazeti au karatasi za jikoni. Mchanga wa ziwani unapendeza kwenye picha, ila geko mchanga anapokosea shabaha humeza mchanga pamoja na mdudu, na utumbo huziba.

Mwekee mahali patatu pa kujificha: upande wa joto, upande wa baridi, na pango moja lenye unyevu. Hili la tatu ni mkebe wa siagi uliotobolewa mlango, ndani kukiwa na karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa. Hapo ndipo atakapolainisha ngozi wakati wa kujivua gamba. Sehemu nyingine ya sanduku ibaki kavu. Vitabu vingi vimeandikiwa watu wa nchi zenye hewa kavu na huwaambia wanyunyize maji. Sisi wa Entebbe, Jinja na Kampala tuna unyevu wa ziwa tayari, na shida yetu ni kuutoa. Weka matundu mengi, na kisahani cha maji kiwe kifupi, kibadilishwe kila siku.

Na siafu. Miguu ya meza isimamishe ndani ya mikebe yenye maji, kama watu wanavyofanya kwa kabati la chakula. Siafu wakimkuta mjusi amefungiwa hana pa kukimbilia.

Chakula

Geko chui hali mboga wala matunda. Ndizi utakayomwekea itavutia sisimizi tu. Anakula wadudu walio hai, kwa sababu macho yake hushtuka kwa kinachotembea. Geko mchanga hadi miezi minne mpe kila siku wadudu watano hadi saba, kisha siku moja ndiyo moja hapana mpaka atimize mwaka. Ukubwa wa mdudu usizidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili.

Kwa hili Uganda tuna bahati. Wapo wanaofuga nzi askari mweusi kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki, na mabuu yake ni chakula kizuri mno kwa mjusi kwa kuwa yana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi. Nyenje nao ni rahisi kufuga kwenye ndoo yenye trei za mayai. Senene, msimu wao ukifika Novemba au Aprili, wanafaa kwa geko aliyekwisha kukua, wakiwa wazima, wakiwa wametolewa mbawa na miguu yenye miiba. Wa kukaanga bakisha kwako.

Usiokote wadudu kwenye shamba la nyanya au mahali popote palipopigwa dawa. Mende wa jikoni huenda alishakula sumu kwa jirani. Kimulimuli asimguse kabisa. Ana sumu ambayo mmoja tu anaweza kumuua mjusi.

Wadudu nao walishwe saa 24 kabla ya kuliwa: karoti, majani ya maboga, sukuma wiki. Kisha watikise ndani ya mfuko wenye unga wa kalsiamu. Hapa ndipo wafugaji wa kuku hukosea, maana hufungua gunia la DCP, madini ya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo, lililoko stoo. DCP ina fosforasi, na wadudu wenyewe wamejaa fosforasi. Unachotafuta ni kalsiamu pekee. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa mpaka likawa laini kama poda, litakusogeza mbele, ila halina vitamini D3, na bila D3 kalsiamu haiingii mwilini. Nunua unga wa wanyama watambaao wenye D3 na ufuate kipimo cha kopo, kwani D3 ikizidi nayo ni sumu.

Nyenje ambao hajawamaliza kwa dakika 15 waondoe. Usiku wao ndio watakaomtafuna yeye.

Tabia zake

Wiki mbili za kwanza usimshike. Mbadilishie maji, mlishe, ondoka. Kutokula siku tatu nne baada ya safari ni kawaida, mradi joto liko sawa.

Mkia una lugha mbili ambazo wageni huzichanganya. Ukiinuka na kupungwa polepole, huku mwili umenyanyuliwa, anakuambia anakuona wewe ni adui, ondoa mkono. Ukitetemeka harakaharaka kwenye ncha, tena macho yameelekea kwa nyenje, ni hamu ya windo. Geko wachanga pia hupiga kelele kali na kufungua mdomo, jambo linalowatisha sana majirani. Meno yake hayana sumu. Hakuna geko yeyote mwenye sumu. Waeleze hivyo mapema watu wa nyumbani, na dada wa kazi hasa, kabla fagio halijafanya kazi yake.

Usimshike kwa mkia. Huukata mwenyewe, ukaachwa ukirukaruka mkononi mwako. Utaota mwingine, mfupi na mnene usio na mapingili ya ule wa kwanza, lakini mkia ndiyo ghala lake la mafuta, na mtoto aliyelipoteza ghala hilo anahitaji chakula na utulivu zaidi.

Akipauka akawa mweupe kama aliyepakwa unga, anajivua gamba. Mchanga hufanya hivyo kila wiki moja au mbili, na hulila gamba lenyewe. Siku hiyo huenda asiguse chakula, na si ugonjwa. Wewe kagua vidole. Gamba likibaki limekaza kwenye kidole huzuia damu, na kidole hukatika. Mweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye kina cha nusu sentimita kwa dakika 15, halafu sugua taratibu kwa pamba ya masikio. Kuvuta kwa nguvu hakufai.

Kulamba hewa na vitu ni kunusa. Kupiga miayo baada ya kula hakuna maana kubwa. Kujisaidia kona moja kila siku ni zawadi kwako: weka kipande cha karatasi hapo na ukibadilishe. Kinyesi cha kawaida ni cha kahawia kikiwa na kipande cheupe, ambacho ni mkojo uliokauka.

Dalili za kukupeleka kwa daktari wa mifugo ni hizi: mkia unaokonda huku anakula, kuharisha kusikoisha, taya linalobonyea, miguu inayopinda au kutetemeka wakati wa kutembea, na macho yasiyofunguka. Taya na miguu ni ukosefu wa kalsiamu, na ukiwahi hutibika. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ndogo inayosoma gramu. Takwimu hizo zinamsaidia daktari kuliko maelezo yako marefu. Kama daktari wa karibu amezoea ng'ombe na mbwa tu, uliza katika chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere.

Osha mikono kwa sabuni kila ukimgusa yeye au sanduku lake, kwa sababu wanyama watambaao hubeba vijidudu vya salmonela hata wakiwa wazima. Watoto wa chini ya miaka mitano wamwangalie tu.

Na usimtafutie mwenzake. Hana upweke. Madume wawili watapigana mpaka damu, na hata watoto wawili wakilelewa pamoja mmoja hukalia joto na chakula huku mwingine akidumaa. Muuzaji anaweza kukuambia ana jike na dume wa mwezi mmoja kwa bei ya pamoja. Jinsia ya geko chui huamuliwa na joto ambalo yai liliatamiwa kwenye kiatamizio: karibu nyuzi 26 au 27 wengi hutoka majike, karibu 32 wengi hutoka madume. Kwa macho haitambuliki mpaka miezi kadhaa ipite, pale dume anapoonyesha safu ya vitundu yenye umbo la V mbele ya tundu la haja na uvimbe mara mbili nyuma yake. Kama muuzaji hawezi kukuambia mayai yaliatamiwa kwa joto gani, bei ya "jike" usiilipe.