Kabla ya kufunga pampu ya maji ya umeme kwenye gari

Gari likichemka kwenye foleni, anza na kifuniko cha rejeta, themostati (vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta) na feni. Mara nyingi mchawi yuko hapo, na kubadilisha pampu hakutamtoa.

Faida ya pampu ya umeme ipo: ile ya kawaida, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huzunguka polepole gari likiunguruma papo hapo, ya umeme haitegemei mwendo wa injini. Inaweza hata kuendelea kusukuma maji ukishazima, na injini yenye tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi na hupata moto sana) hushukuru sana.

Ila fyuzi ikiungua, maji husimama kimyakimya. Hushtuki mpaka mshale wa joto upande. Ukiifunga, weka na taa ya onyo. Na ile nguvu ya ziada ya injini ambayo pampu hii husifiwa nayo? Kwa gari la kwendea kazini, hutaihisi.