Namna ya Kupima Obiti ya Setilaiti ya Galileo, Mfumo wa Urambazaji wa Ulaya, kwa Leza

Kwanza pima shabaha iliyo ardhini, ambayo umbali wake unajulikana, ili ufahamu ucheleweshaji wa mitambo yenyewe. Kisha elekeza darubini kwa kufuata utabiri wa obiti na urushe mipigo mifupi ya mwanga wa kijani. Setilaiti ikiwa utosini, kwenye kimo cha kilomita 23,222, mwanga hugonga vioo vyake na kurudi baada ya sekunde 0.155 hivi, tena mara nyingi ni fotoni (chembe ya mwanga) moja tu inayonaswa, na mipigo mingi hupotea kabisa. Zidisha muda huo kwa kasi ya mwanga, ugawe kwa mbili, upate umbali.

Hapo ndipo kazi ngumu huanza. Hewa huchelewesha mwanga, kwa hiyo soma barometa kwa makini: kosa la hektopaskali 1 (kizio cha kanieneo ya hewa) huharibu umbali kwa zaidi ya milimita 2, na huzidi setilaiti inapokaribia upeo wa macho. Rekebisha pia nafasi iliyopo kati ya vioo na kitovu cha uzito cha setilaiti. Mwishowe linganisha vipimo na obiti iliyokokotolewa kwa mawimbi ya redio. Tofauti zikibadilika kufuatana na mahali lilipo Jua, shuku kwanza hesabu ya msukumo wa mwanga wake.