Laki tano mfukoni: laptopu mpya ya boksi au mtumba mwepesi?

Wiki iliyopita mdogo wangu, anayeanza chuo Dodoma, alinipigia simu akiwa Kariakoo. Mfukoni ana laki tano na nusu, mezani ana kompyuta mbili. Moja mpya, bado inanukia boksi, sh 540,000. Nyingine Dell Latitude 7290 ya mtumba, imechubuka pembeni, sh 480,000.

"Dada, si bora hii mpya? Ina waranti."

Nikamwambia anisomee kibandiko cha ile mpya. Prosesa (ubongo wa kompyuta) Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, na hifadhi ya bei rahisi iitwayo eMMC, GB 64. Nikamwambia airudishe kwenye boksi lake taratibu, maana ya namna hiyo nimeshaishi nayo.

Mimi naandika hesabu za vikoba. Siku za mikutano natoka Gongo la Mboto na daladala, nashuka, napanda bodaboda, na kompyuta iko mgongoni muda wote. Ndiyo maana sitaki kitu kizito. Mwaka 2021 nilinunua mpya, nyepesi, nzuri kuitazama, GB 4 na eMMC 64 hivyo hivyo. Haikumaliza miezi mitatu kabla ya Windows kutaka kujisasisha na kukosa nafasi. Nilipoipeleka kwa fundi akaifungua, akanionyesha: hifadhi imechomelewa kwenye bodi, RAM nayo imechomelewa. Hakuna cha kuchomoa wala cha kuongeza. Mkutanoni nikifungua Excel na WhatsApp kwa pamoja, akina mama walimaliza kuhesabu noti kwa mkono mara mbili, mimi bado natazama kiduara kikizunguka.

Kosa langu lilikuwa kulinganisha miaka. Unachotakiwa kulinganisha ni kazi ambayo kifaa kilitengenezewa. Laptopu mpya ya laki tano imetengenezwa ili iuzwe laki tano. Kila kitu ndani kimekatwa mpaka bei ikatoka. Latitude za mfululizo wa 7000, EliteBook 820 na 830, ThinkPad za X, hizi zilitengenezwa kwa wafanyakazi wa ofisini wanaosafiri, na zikiwa mpya bei yake mimi na wewe tungeipita kwa mbali. Ofisi za Ulaya huzibadilisha baada ya miaka michache, zinauzwa kwa mafungu, nyingine zinapitia Dubai, zinafika kwetu. Ni hadithi ya koti la mtumba na koti jipya la sokoni, wote tunajua lipi linavumilia mvua.

Ila si kila mtumba. Muuzaji atakwambia prosesa ni "Core i5" ya Intel akaishia hapo, kana kwamba amemaliza. Core i5 zipo tangu 2009! Mwombe namba yote. Kwenye i5-7300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7, yaani kizazi cha 7. i5-8350U ni kizazi cha 8. Kwenye i5-10310U unasoma mbili za mwanzo, ni cha 10. Kwa sasa mstari nauchora kwenye 8, kwa sababu mbili. Ya kwanza, i5 za laptopu hizi nyembamba zilikuwa na viini viwili (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) mpaka kizazi cha 7. Kuanzia cha 8 zikawa na vinne, na tofauti hiyo utaiona siku ya kwanza. Ya pili, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha 8. Kuna mafundi wataiingiza kwa mlango wa nyuma kwenye mashine ya zamani zaidi. Sikatai, inawaka. Lakini mwanafunzi anayetegemea kifaa kimoja miaka mitatu asianze na mlango wa nyuma.

Nakiri hapa najisuta, maana mimi mwenyewe natumia ThinkPad X270 ya kizazi cha 7 na siiachi. Ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje, na hiyo ya nje naichomoa na kuweka nyingine huku kompyuta inaendelea kufanya kazi. Umeme ukikatika katikati ya mkutano hakuna anayejua ila mimi. Nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, hesabu nafanya kwenye LibreOffice badala ya Excel. Kama chuo chako hakikulazimishi programu ya Windows, X270 ni ya kufikiria. Mdogo wangu atalazimishwa, kwa hiyo hapana.

Sasa dukani. Usikubali kuonyeshwa mashine ambayo tayari inawaka. Mwambie aizime kabisa, iwashwe mbele yako, na ubonyeze mwenyewe F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, aga uondoke. "Dada, hiyo haina shida, utatumia tu," atasema. Shida inakuja siku unayotaka kubadilisha kitu. Kuna kufuli jingine baya zaidi: rafiki yangu aliinunua mashine safi, akaitumia mwaka mzima, siku alipoweka Windows upya na kuunganisha intaneti ikamtaka barua pepe ya kazini ya kampuni fulani ya Ulaya. Kampuni haikuwa imeifuta kwenye orodha yake. Kwa hiyo kama muuzaji ana subira, aweke Windows upya intaneti ikiwa imewashwa, wewe ukanywe chai urudi.

Betri ndiyo yenye uongo mwingi. Asilimia 100 pale kwenye kona haisemi chochote, ni asilimia 100 ya kilichobaki. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itakuonyesha faili lilipohifadhiwa. Ndani tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo uliobaki. Ukikuta 60,000 kwa 31,000, betri imebaki nusu, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Halafu laza kompyuta mezani uitazame kwa pembeni. Padi ya kipanya ikiwa imeinuka, betri imevimba. Hiyo usiibebe kwenye begi.

Kibodi ipige yote. Mimi huandika "wazazi wangu yatima ng'ombe", sentensi isiyo na maana yoyote, lakini inapita kwenye z, y na kile kialama cha juu ambacho Kiswahili hakiwezi kukikosa. Mashine za Ujerumani zimebadilishana nafasi za Z na Y. Wauzaji hubandika stika juu ya herufi. Joto likizidi stika zinatoka, na anayetazama vidole akiandika ataandika "wayayi".

Kioo: fungua ukurasa mweupe mtupu, tafuta madoa. Kwa idadi ya nukta za kioo, chagua 1920 kwa 1080. Ile ya 1366 kwa 768 itakuchosha ukifungua jedwali pana. Soketi zote zijaribu kwa flashi yako. Uliza RAM kama imechomelewa: ThinkPad X280 ni nzuri na nyepesi sana, lakini RAM yake haiongezwi, kwa hiyo ya GB 4 iache. Latitude 7290 ina nafasi moja ya RAM unayoweza kubadilisha.

Mpya ninunue lini? Ukiwa na milioni moja na kitu, au kama unakoishi hakuna fundi unayemwamini, au unahariri video. Hata hapo, chini ya RAM GB 8 na SSD (hifadhi ya kasi) usishuke, na neno eMMC likionekana popote, pita. Waranti bila risiti ya EFD ni maneno ya mdomoni.

Mdogo wangu alifanya yote haya, mimi nikiwa hewani na vocha yangu ikiisha. Ripoti ikasoma 60,000 kwa 38,000. Akaomba apunguziwe, wakavutana, wakamalizana 445,000. Chenji nikamwambia asiiguse, ni ya betri mwakani. Jana kanitumia picha: stika ya Z imeanza kubanduka, na chini yake kuna Y.