Kuishi Mashuani Kaskazi Nzima, Kutoka Wete Hadi Mafia

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, ikishakolea, mwisho wa Disemba hivi, wavuvi wa kwetu Pemba hutoa vyombo kwenda dago, yaani kambi za uvuvi za muda. Wengi hunyoosha safari: wanapakia nyavu na kwenda moja kwa moja. Mimi, mwaka wa 11 huu, nashuka kusini polepole, siku mbili hapa, wiki pale, na kwa miezi mitatu makazi yangu ni mashua ya futi 28 yenye watu wanne. Naandika kwa anayetaka kuishi hivyo bila kuteseka.

Safari hii ipange kwa madumu ya maji. Mtu mmoja anahitaji lita 4 kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Watu wanne kwa siku kumi ni lita 160, yaani madumu manane ya lita 20. Mimi nachukua kumi. Mawili ya ziada nayafunga kwa kamba tezini, nyuma ya chombo, na hayaguswi mpaka niseme. Dumu moja liishe kwanza ndipo lifunguliwe jingine. Yakiwa matatu wazi kwa pamoja, hutajua umebakiwa na nini. Tunaoga maji ya bahari, kisha kata moja ya maji baridi kuondoa chumvi. Udhu tunautia kwa maji ya bahari, na unasihi.

Nazi chukua zenye makumbi, zinakaa muda mrefu. Iliyokwisha fuliwa inaharibika upesi. Ndimu zifukie kwenye ndoo ya mchanga. Beba ng'onda (samaki wakavu), muhogo, ndizi mbichi na achari. Jiko la mkaa liweke tezini ndani ya sanduku la mchanga, kwa sababu chombo kikiwa nangani omo, yaani mbele yake, huelekea upepo na moshi hutokea nyuma. Pika kabla ya kung'oa nanga. Njiani mtakula kiporo na chai ya chupa, na inatosha.

Hatua za mwanzo ni rahisi: Wete, kisiwa kidogo cha Misali, Mkoani; Pemba yenyewe inakukinga na upepo. Mkoani hadi Nungwi ni kilomita 50 na kitu za maji marefu. Toka baada ya sala ya Alfajiri, upepo uko tezini, na mchana utakuwa umefika. Usishangae ukiona tanga limejaa na nchi haisogei. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kaskazi huupunguza nguvu tu, haiugeuzi. Nungwi pumzika, mafundi wa vyombo wako pale ikiwa kuna ubao unaokutia shaka.

Sasa nanga, na hapa naomba usome taratibu.

Mwaka wangu wa pili niliingia Mkokotoni saa 10 jioni, mwezi mpevu, bahari imejaa hadi kwenye majani ya mikoko. Nikatia nanga penye pima mbili na nusu (pima moja ni futi sita), nikaridhika, nikalala. Saa 2 na nusu usiku nikasikia mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umegusa: kishindo kidogo, kama mtu anabisha hodi kwa kifundo cha kidole. Ukagusa tena. Kufika saa 3 mashua ilikuwa imelala ubavu, maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya chombo, yote yamehamia upande mmoja, na upande huo ndio uliokuwa na gunia la mchele. Tulikula mchele wenye harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka chombo, siku tisa, na kijana wangu mdogo aliumwa tumbo kwa uzembe wangu mimi. Tangu siku ile mchele wangu unakaa kwenye ndoo zenye mifuniko.

Kwa hiyo jua saa za maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari yetu hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku husogea mbele kiasi cha dakika 50. Bamvua kubwa, yaani maji makubwa ya siku hizo za mwezi, linaweza kushusha maji mita 4, yaani pima mbili na zaidi kidogo. Tupa chubwi, ile risasi ya kupimia kina, hesabu pima, toa mbili na robo, kisha angalia kama kilichobaki kinakitosha chombo chako kuelea. Kama una shaka, sogea nje. Kamba ya nanga itoe mara tano ya kina. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, unaweza kusogea ndani zaidi.

Bamvua hilohilo ndilo la kusafishia chombo. Mara moja kwa mwezi nakipeleka kwenye mchanga laini kikiwa kitupu, maji yakipwa tunakwangua magamba, tunapitisha moto wa makuti chini, tunatia kalafati (pamba ya kuzibia) panapovuja na kupaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Kazi iishe kabla maji hayajarudi.

Kila diko unaloingia, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, mtafute kwanza bwana diko, msimamizi wake, umsalimie, umwonyeshe barua ya sheha wako, kiongozi wa mtaa. Usianze kutandaza nyavu. Mimi sijawahi kunyimwa kisima mahali nilipotanguliza salamu.

Kutoka Malindi ya Unguja tunashuka kwa Kimbiji na Kwale, tunalala kila penye kificho, mpaka Mafia. Kusini ya Mafia kuna hifadhi ya bahari tangu 1995, na Chole imo ndani yake. Uliza kabla hujavua wala kutia nanga, na matumbawe usiyaguse.

Kila asubuhi sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikifika katikati ya Machi, upepo ukianza kukatika na mawimbi ya kusini yakakutikisa usiku wakati hakuna upepo, kusanya nyavu, jaza madumu yote kumi, na usubiri penye kificho kusi, upepo wa kutoka kusini, ianze kuvuma ikurudishe nyumbani.